Mkono Unaokamua na Jina Lililo Daftarini

(Mazungumzo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi, Kibosho)



Katika chama kinachopokea maziwa kuna vitabu viwili ambavyo aghalabu huwekwa mbalimbali kabatini, na ambavyo yafaa visomwe pamoja. Kimoja ni rejista ya wanachama. Cha pili ni daftari la mapokezi, ambamo katibu huandika kila asubuhi lita zilizopokewa na lita zilizokataliwa. Katika Kibosho, kama ilivyo Uru na Machame, rejista kwa kawaida hutaja jina la baba mwenye kihamba. Lakini atakayefika bandani saa 11 alfajiri, taa mkononi, atamkuta mama amechuchumaa kandoni mwa ng'ombe, au binti anayewahi shule, au kijana wa kazi aliyeajiriwa mwezi uliopita. Semina ikiitishwa, anayehudhuria ni yule aliyemo katika rejista. Maziwa yakikataliwa, sababu yake imo mikononi mwa yule asiyekuwamo.

Mazungumzo haya yahusu mkono huo: kazi unayoifanya, jinsi unavyopaswa kuifanya, na kwa nini chama hakina budi kuutambua.

Desturi ya kuandika jina la baba ina asili yake. Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro waliunda umoja wao wa kwanza mwaka 1925, na mwaka 1933 Chama Kikuu cha KNCU kikaanza kazi, kikiwa kimesimama juu ya vyama vya msingi. Mwanachama alikuwa mwenye mibuni. Kahawa ilichumwa na nyumba nzima, ikakobolewa, ikaoshwa na kuanikwa, kisha baba akaipeleka chamani na kupokea malipo. Vyama vilivunjwa mwaka 1976, na sheria ya mwaka 1982 ikaviruhusu tena, lakini mazoea ya rejista hayakubadilika. Maziwa yalipoanza kukusanywa kwa njia ya ushirika, yaliingizwa katika mazoea yale yale ya kahawa, pasipo kufikiriwa kwamba maziwa si kahawa.

Kahawa husamehe. Buni mbovu huonekana juu ya kichanja cha kuanikia, nayo huokotwa na kutupwa, zilizobaki zikauzwa kwa daraja lake. Maziwa hayana kichanja. Lita tatu zilizoharibika zikimiminwa katika keni ya lita 50, hakuna mtu awezaye kuziokota tena. Lita zote 50 zimeharibika, pamoja na zile za jirani aliyeamka mapema, akaosha vyombo kwa maji ya moto na kutembea na mzigo wake kilomita nzima. Kahawa huletwa kwa msimu; maziwa hukamuliwa mara mbili kila siku ya mwaka, Krismasi na Idi zikiwamo. Mkono usiojua kazi hupata nafasi ya kukosea mara 730 kwa mwaka.

Kuharibika kwenyewe kwaweza kuelezwa kwa hesabu nyepesi. Maziwa yatokapo katika kiwele cha ng'ombe mwenye afya yana vijidudu vichache sana. Vijidudu vingi huingia baadaye: kutoka katika ngozi ya kiwele, vidole, mkia, vumbi la majani, na zaidi ya vyote kutoka katika chombo. Katika maziwa yenye uvuguvugu, bakteria mmoja aweza kugawanyika na kuwa wawili kwa muda wa nusu saa hivi. Baada ya saa tano yule mmoja amekuwa zaidi ya elfu moja. Basi aliyeingiza vijidudu mia na aliyeingiza laki moja hawaanzi mbio pamoja, ingawa ndoo zao zafanana kwa macho na maziwa yao yana ladha moja wakati wa kukamua. Tofauti huonekana saa tatu asubuhi kituoni, katibu anapochanganya maziwa kidogo na spiriti kwa kiasi sawa katika kipimo, akaona yameganda vipande vipande.

Sasa tuingie bandani.

Ng'ombe hukamuliwa vizuri akiwa ametulia. Hilo si suala la huruma peke yake, bali ni la mwili wake. Kiwele kinapooshwa kwa maji ya uvuguvugu na kupanguswa, au ndama anapokisukuma kwa pua, ubongo wa ng'ombe hutoa homoni ambayo husafiri katika damu hadi kiweleni na kukamua vifuko vidogo vya maziwa kwa ndani. Chuchu hujaa, na wakamuaji husema ng'ombe ameshusha. Homoni hiyo huchukua takriban dakika moja kufanya kazi, na nguvu yake hupungua baada ya dakika tano hadi saba. Aliyeanza kukamua, akaacha ili kumjibu mgeni mlangoni, akirudi atakuta kiwele kimefunga. Na ng'ombe aliyepigwa fimbo, aliyetishwa na mbwa, au aliyesikia sauti ya mtu asiyemfahamu, hutoa homoni nyingine, ile ya woga, ambayo huizuia ya kwanza. Mwenye banda hudhani ng'ombe wake ni mchoyo, kumbe ni yeye aliyemfungia maziwa kwa fimbo.

Kwa sababu hiyo mkamuaji na awe mmoja, au wawili wanaojulikana. Saa za kukamua ziwe zile zile. Na mtu amwendee ng'ombe kutoka ubavuni huku akimsemesha, asitokee ghafla nyuma yake. Wazee wa Kibosho waliofuga ng'ombe wa kienyeji ndani ya nyumba walimoishi hawakuhitaji kufundishwa jambo hili, kwani ng'ombe alilala hatua chache kutoka mekoni na alijua sauti ya kila mtu. Ng'ombe alipohamishiwa banda la nje, ukaribu huo ulipungua, na katika nyumba nyingine ulikwisha kabisa.

Mtamba anayetarajia kuzaa kwa mara ya kwanza yafaa azoeshwe wiki kadhaa kabla. Apitishwe mahali pa kukamulia, apapaswe mgongoni, kisha tumboni, kisha kiweleni, kila siku kidogo. Atakayengoja hadi siku ya kuzaa ndipo amshike kiwele kwa mara ya kwanza, tena kikiwa kimevimba na kinauma, atapigwa teke, naye mtamba ataandikwa kuwa mkali. Kamba ya kufunga miguu ya nyuma ina nafasi yake kwa siku za mwanzo. Ikiwa ng'ombe wa uzao wa tatu bado hafungiki kiwele bila kamba, kasoro ya malezi ilianza zamani.

Kabla ya kugusa kiwele, mkamuaji akate kucha na kunawa mikono kwa sabuni hadi kwenye kiko. Kiwele kioshwe kwa maji safi ya uvuguvugu, kisha kikaushwe kwa kitambaa safi. Wengi huosha wasikaushe, na hapo ni afadhali wasingeosha, maana maji machafu hutiririka juu ya chuchu na kudondoka ndooni. Kitambaa cha ng'ombe mmoja kisitumike kwa mwingine, na kila siku kichemshwe au kifuliwe na kuanikwa juani.

Maziwa ya kwanza, michirizi miwili au mitatu ya kila chuchu, yakamuliwe katika kikombe kilichofunikwa kitambaa cheusi. Yasikamuliwe sakafuni, kwa kuwa yakiwa na ugonjwa yataupanda ugonjwa huo mahali ng'ombe anapolalia. Juu ya kitambaa cheusi mabonge madogo, nyuzinyuzi, majimaji au damu huonekana mara moja. Kikombe hiki hakina gharama. Kipande cha kitambaa cha sare ya shule iliyochakaa kinatosha, na hata hivyo ni kifaa kinachokosekana katika mabanda mengi kuliko kingine chochote.

Kukamua kwenyewe ni kazi ya kiganja kizima. Kidole gumba na cha shahada hufunga chuchu juu kabisa, mahali inapokutana na kiwele, ili maziwa yasirudi. Kisha cha kati, cha pete na kidogo hufunga kwa zamu kuteremka chini, na maziwa hutoka kwa nguvu. Kiganja hufunguka, chuchu hujaa, na mwendo hurudiwa kwa mkono wa pili. Chuchu haivutwi. Wapo wanaoibana kwa vidole viwili na kuteleza hadi chini kama wanaokamua nguo. Wengine huipinda dhidi ya kifundo cha kidole gumba. Njia zote hizo mbili huumiza tishu laini za ndani, na baada ya miezi chuchu hufanya sugu, tundu lake hulegea, na vijidudu hupata mlango. Wapo pia wanaolowanisha chuchu kwa maziwa, au kwa mate, ili mkono uteleze. Tabia hiyo yapasa ikomeshwe kabisa. Anayehitaji ulaini apake mafuta ya kukamulia kidogo, tena baada ya kazi.

Kiwele na kimalizwe. Maziwa ya mwisho ndiyo yenye mafuta mengi, na yanayobaki kila siku humwambia ng'ombe kwamba hayatakiwi, naye hupunguza. Akishamaliza, mkamuaji azamishe kila chuchu katika dawa yenye iodini kama ipo, kisha ampe ng'ombe majani mara hiyo hiyo, ili asimame akila. Tundu la chuchu hubaki wazi kwa nusu saa au zaidi baada ya kukamuliwa. Ng'ombe atakayelala papo hapo juu ya samadi mbichi ameliweka tundu hilo wazi juu ya uchafu.

Hivi ndivyo ugonjwa wa kiwele unavyoanza, na hapana ugonjwa unaokula mapato ya mfugaji wa maziwa kwa siri kama huo. Ule wa wazi, wenye uvimbe, joto na maumivu, kila mtu huuona na kumwita mtaalamu wa mifugo. Ule wa kujificha hauonyeshi dalili kwa macho. Robo moja ya kiwele hupunguza maziwa kidogo kidogo, na mwenye ng'ombe hulaumu majani. Mtaalamu huupima kwa dawa inayochanganywa na maziwa ya kila chuchu katika sahani yenye vishimo vinne. Maziwa ya chuchu yenye ugonjwa hufanya ute mzito. Vyama vyaweza kununua dawa hiyo kwa pamoja, kwani chupa moja hutosha ng'ombe wengi.

Robo yenye ugonjwa ikamuliwe mwisho, na maziwa yake yamwagwe mbali. Ikitibiwa kwa sindano au kwa dawa ya kusukumiwa ndani ya chuchu, maziwa ya kiwele chote, wala si ya chuchu ile tu, yasipelekwe chamani kwa muda wote ulioandikwa katika lebo ya dawa. Hapa ndipo uaminifu wa nyumba moja unaposhika riziki ya nyumba mia. Dawa hizo huua bakteria, na mtindi hutengenezwa na bakteria. Maziwa ya ng'ombe mmoja aliyetibiwa yakiingia katika pipa la kugandishia, mtindi waweza kukataa kuganda, na mtengenezaji akalaumu hamira, akalaumu baridi, akalaumu jiko. Mama anayejua jambo hili atamwambia karani wazi: "Ndugu karani, leo sikuleta, ng'ombe yuko katika dawa." Na karani mwema atamshukuru badala ya kumwandikia utoro.

Kuhusu vyombo yatosha kusema machache. Dumu la plastiki lililokuwa la mafuta ya kula halifai. Mdomo wake ni mwembamba, mkono hauingii, na pembe zake hutunza utando wa maziwa ya juzi. Chombo kiwe cha aluminiamu au cha chuma kisichoshika kutu, chenye mdomo mpana na kifuniko. Kisuuzwe kwanza kwa maji baridi, kwa sababu maji ya moto hugandisha maziwa ukutani. Ndipo kioshwe kwa maji ya moto na sabuni kwa brashi, kisuuzwe kwa maji yaliyochemka, na kupinduliwa juu ya kichanja juani. Kibuyu kilichofukizwa moshi kina heshima yake kwa mtindi wa nyumbani, na hakuna anayekusudia kukiondoa huko. Kwa maziwa ya chama hakifai.

Maziwa ya jioni ni tatizo la pekee katika Kibosho, kwa kuwa vituo vingi hupokea asubuhi. Usiku wa mlimani una baridi inayosaidia, lakini hautoshi wenyewe. Chombo kilichofungwa kiwekwe katika beseni la maji baridi yanayobadilishwa, maziwa yakifikiwa na maji hadi shingoni mwa chombo. Maji ya mfereji yafaa kwa kupoza kutoka nje, wala yasitumike kusuuzia chombo, maana mfereji umepita katika vihamba vingi kabla ya kufika. Maziwa ya jioni yasichanganywe na ya asubuhi yaliyo moto. Iliyo bora ni nyumba kunywa ya jioni na kupeleka ya asubuhi. Kama yote yapelekwa, yaende katika vyombo viwili na karani aambiwe. Hata yale ya nyumbani yachemshwe, kwa sababu ugonjwa wa kutupa mimba na kifua kikuu cha ng'ombe huweza kuingia kwa binadamu kwa maziwa mabichi.

Ndugu wanachama, mkono unaokamua ndio pia unaokata majani na kuteka maji, na hapa mzigo ni mkubwa kuliko wengi wanavyopenda kukiri hadharani. Ng'ombe chotara wa kilo 400 huhitaji chakula kikavu cha kilo 12 hivi kwa siku. Matete mabichi yana maji mengi, hivyo kilo hizo 12 ni kama kilo 60 au zaidi za majani mabichi. Ni mizigo miwili au mitatu ya kichwani, kila siku, na kihamba cha ekari moja au mbili kilichojaa migomba na mibuni hakiwezi kuitoa yote. Sehemu hutoka kingoni mwa matuta, sehemu hupandishwa kutoka mashamba ya tambarare. Juu ya hayo, maziwa ni maji kwa sehemu 87 katika 100, na ng'ombe anayetoa lita kumi huhitaji maji ya kunywa lita 50 au 60: ndoo tatu za lita 20. Akipewa ndoo moja atatoa maziwa ya ndoo moja, na hakuna pumba wala mashudu yatakayofidia.

Kuna nyumba ambako mume hulalamika kwamba mkewe hamlishi ng'ombe vizuri, ilhali mume huyo hajawahi kupima mzigo wa majani kwa mizani ya kahawa iliyopo chamani. Na apime mara moja tu.

Shina la mgomba, ambalo ni chakula cha kawaida cha ng'ombe wetu wa mlimani, lina maji zaidi ya sehemu 90 katika 100. Lasaidia wakati wa kiangazi kwa kuwa humpunguzia ng'ombe kiu, lakini tumbo lililojazwa migomba halina nguvu ya kutengeneza maziwa. Likatwekatwe na kuchanganywa na mabua ya mahindi, maganda ya maharage, matete machanga yaliyokatwa kabla hayajakomaa na kuwa miti, pamoja na majani ya jamii ya mikunde kama desmodiamu, ambayo huota vizuri kingoni. Pumba na mashudu ya alizeti wapewe wakamuliwao, kwa kadiri ya maziwa yao, pamoja na chumvi ya madini. Majani yaliyotoka tambarare yakaguliwe, kwa sababu hupanda na kupe, na kupe huleta ndigana kali bandani mwa ng'ombe asiyetoka nje kamwe. Masikio, chini ya mkia na katikati ya mapaja vitazamwe kila siku wakati wa kukamua, na mwenye ndama aulize mapema habari za chanjo.

Mkamuaji ndiye pia anayemwona ng'ombe akiingia katika joto. Ng'ombe huingia kila siku 21 hivi, kwa muda wa saa zipatazo 18, mara nyingi usiku. Hulia, hupunguza maziwa ghafla, hutoa ute mwangavu, husimama akipandwa na mwenzake. Lakini katika banda la ng'ombe mmoja hakuna wa kumpanda, na dalili hubaki chache. Anayezijua ni yule anayekaa naye asubuhi na jioni. Akionekana asubuhi, apandishwe jioni ya siku hiyo. Akionekana jioni, apandishwe kesho yake asubuhi. Joto moja likipita bila kuonekana, uzao unaofuata umesogezwa mbele wiki tatu. Kwa ng'ombe wa lita 8, wiki tatu ni lita 168. Basi ikiwa mama ameona joto alfajiri, lakini hana fedha za kumwita mpandishaji mpaka baba arudi kutoka Moshi mjini, lita 168 zimo hatarini kwa sababu ya mpango wa nyumba, wala si kwa sababu ya ng'ombe.

Hapo ndipo vitabu viwili vilivyotajwa mwanzo vinapokutana.

Kwa desturi ya Uchagga fedha ya kahawa ilikuwa mikononi mwa baba, na maziwa, kama ndizi, yalikuwa katika mamlaka ya mama. Alilisha watoto, na yaliyozidi aliyauza jirani au sokoni, akanunua chumvi na sabuni. Chama cha maziwa kilichoandikisha majina ya akina baba kilichukua, bila kukusudia, fedha ya mama na kuiweka katika malipo ya baba. Matokeo yake hayahitaji uchunguzi wa mbali. Maziwa ya jioni huuzwa mlango wa nyuma, pasipo kupita katika daftari. Na katika nyumba nyingine laktomita, ambayo kwa maziwa safi husoma kati ya 28 na 32, hushuka chini ya 26, kwa sababu aliyetakiwa kupeleka lita sita, na ambaye hataona hata senti ya hizo sita, amepeleka tano na maji ya moja. Kumwita mtu huyo mwizi ni rahisi. Chama kisichomlipa anayefanya kazi kimejitengenezea hasara hiyo chenyewe.

Mfano wa njia nyingine haupo mbali. Mwaka 1988 akina mama wa Nronga, katika Machame, wilaya ya Hai, walianzisha chama chao wenyewe cha ushirika cha maziwa. Mwanachama ni mama anayekamua. Aliyeleta ndiye anayeandikwa na ndiye anayelipwa. Kibosho haihitaji kuiga kila kitu cha Nronga. Si lazima kuunda chama kipya wala kumwondoa mtu katika rejista. Lipo jambo dogo linaloweza kuamuliwa na mkutano mkuu wa chama chochote cha msingi: kumkaribisha mkamuaji mtu mzima ajiunge kwa hisa yake, na kufungua ukurasa wa maziwa kwa jina lake, kahawa ikibaki katika ukurasa wa baba. Yatazamiwa kwamba wazee wengine watasema jambo hili litaleta ugomvi nyumbani. Ugomvi huo umo nyumbani tayari. Tofauti ni kwamba hivi sasa huandikwa katika safu ya maziwa yaliyokataliwa.

Kwa upande wa makatibu, safu hiyo iongezewe nafasi ya sababu. Neno "yamekataliwa" peke yake halimfundishi mtu. Iandikwe: yameganda katika spiriti, yana maji, yana harufu ya moshi, ni dang'a, yaani ng'ombe hajatimiza siku saba tangu kuzaa. Nyumba iliyokataliwa mara mbili katika wiki moja itembelewe siku hiyo hiyo, saa ya kukamua ya jioni, na mazungumzo yawe na yule aliyeshika chuchu. Aulizwe anaosha kwa maji gani na anakausha kwa nini, kisha atazamwe akifanya kazi, bila kukatizwa hadi amalize.

Mafunzo nayo yahamishwe kutoka ukumbini hadi bandani. Katibu achague banda moja lililo karibu na kituo, lenye ng'ombe mpole, na barua ya mwaliko iandikwe kwa jina la mkamuaji. Wanaokuja waje na ndoo zao na vitambaa vyao, ili vitazamwe. Wasizidi watano kwa jioni moja, wasimame upande mmoja wa ng'ombe anaoweza kuwaona, na mwenye ng'ombe wake aanze kukamua yeye kwanza, kwani ng'ombe akiona umati wa wageni wakati wa kukamuliwa hatashusha.